Milimita 2.5 zilizonirudisha Mtwara

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea, anayemaliza masomo ya mionzi, kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Nifanyeje niingie kwenye picha za moyo?" Ujumbe wake umenikuta na donda bichi. Wiki tatu nyuma nilikwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi hiyohiyo, nikaanguka.

Miaka tisa napiga picha hapa Mtwara: vifua, nyonga, vijana wa bodaboda. Mishipa ya moyo nimejisomea usiku kwa bando langu, kwa hiyo siku ile niliingia kifua mbele.

Wakaniwekea mshipa mmoja, picha tatu za sehemu ileile: anjiografia (eksrei ya mshipa uliotiwa dawa ya rangi), IVUS (altrasaundi ya ndani ya mshipa) na OCT (picha ya ndani ya mshipa kwa mwanga). "Kipenyo?" Nikaivamia anjiografia. Katheta, mrija mwembamba unaoingizwa mshipani, ya namba 6 ina unene wa milimita 2, nikalinganisha nayo, nikatamka 2.5. Mama mmoja wa jopo akanisogezea karatasi bila neno. OCT ilisoma 2.7. IVUS 2.9, na hiyohiyo IVUS ukipima ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, 3.4. "Ipi ya kweli?" Nikasema hizo mashine nyingine mbovu. Wakacheka. Mmoja akauliza kama huko kwetu mashine zenyewe tunazo. Hilo bado linaniuma, sitaki kudanganya.

Jibu lilinijia kwenye basi, tukiwa tumeshaipita Somanga. Marehemu baba aliwahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa bakuli badala ya mizani. Bakuli la mnunuzi lilikuwa na hesabu yake, mizani ya ghalani na yake, na korosho ni zilezile. Kumbe mimi nimetaja bakuli nikidhani nimetaja kilo!

Anjiografia ni kivuli cha dawa ya rangi ndani ya njia ya damu. Ukuta haiujui. Glagov na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba mafuta yakianza kujaa ukutani, mshipa hutanukia nje, njia ikabaki vilevile hadi ujazo ukaribie asilimia 40. Kwenye kivuli mtu huyo ni mzima. IVUS ni altrasaundi kwenye ncha ya katheta: inafika hadi ukuta wa nje, ila picha ina ukungu na huelekea kuisoma njia kubwa kidogo. OCT hutumia mwanga, inatofautisha vitu vya mikroni 10 hadi 20 (mikroni elfu moja ni milimita moja), lakini haizami mbali, na lazima damu isukumwe kando, mara nyingi kwa dawa ya rangi, mzigo kwa mwenye figo dhaifu. CT, eksrei inayozunguka mwili, haiingizi katheta moyoni, ila chokaa ya ukutani huvimba pichani na kuifanya njia ionekane nyembamba kuliko ilivyo.

Kwa hiyo mdogo wangu, usitaje namba kabla ya kutaja chombo. Nasema tena: chombo kwanza, halafu umeanzia ukingo upi na kuishia upi. Ninyi mnaotaka kufika mbali mnapenda majibu ya haraka, nami nilikuwa hivyohivyo. Stenti, kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi, huchaguliwa kwa namba hizo. Ikiwa ndogo haishiki ukuta, damu inaweza kuganda hapo, na mgonjwa hatajali kwamba ulijibu kwa kujiamini.

Nimeomba tena kwingine. Wewe njoo Jumamosi, nimechapisha picha tano za IVUS, kubwa, kila moja na vipimo vyake pembeni. Uje na rula.