Umetoka jeshini na unataka kurusha helikopta? Sikiliza yaliyonipata

Jumapili iliyopita niko nyumbani hapa Kamalondo, Lubumbashi, bukari (ugali wetu) iko mezani, samaki tompson ameshakaangwa, simu ikalia. Ujumbe wa kijana nisiyemjua, askari, amebakiza miezi michache atoke. "Mkubwa, nasikia ulikuwa askari kama sisi na sasa ni rubani wa helikopta. Mimi nina dola elfu nane. Chuo cha urubani cha Johannesburg kimeniambia nitume zote nishikiwe nafasi. Nitume?"

Bukari ikapoa. Mke wangu akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, kuna mtoto wa watu anataka kuliwa pesa kama nilivyoliwa mimi.

Nilimjibu kwa neno moja: usitume. Mengine nayaandika hapa, maana yeye si wa kwanza kuuliza, na kila ninapoanza kumjibu mtu kwenye simu naishia katikati.

Nilitumikia miaka tisa, mtu wa redio. Muda mrefu wa hiyo miaka nilikuwa Kamina, kwenye ile kambi ya anga waliyotuachia Wabelgiji. Kazi yangu ilikuwa kuongea na walioko juu. Niliwajua marubani kwa sauti kabla sijawaona sura, na helikopta ya Mi-8 ikitua nilikuwa wa kwanza kutoka nje, vumbi jekundu linanijaa mdomoni, nimesimama tu natazama yale mapanga matano yanayozunguka juu yake yakipunguza mwendo. Kichwani mwangu nilikuwa rubani nusu tayari. Nilibakiza nusu nyingine tu, nilidhani.

Nilipotoka jeshini ndipo nilipojua kwamba nina masaa sifuri ya kurusha. Miaka tisa, sifuri. Daftari la masaa ya rubani halina ukurasa wa cheo. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka masaa 40 kwa leseni ya kujirushia mwenyewe, na kwa leseni ya kulipwa masaa 150, au 100 kama umesoma mfululizo kwenye programu iliyoidhinishwa. Nchi nyingine huongeza juu ya hapo. Kama jeshini ulikuwa rubani kweli, masaa yako yanaweza kuhesabiwa, lakini yawe yameandikwa na kutiwa sahihi. Yaliyoko kichwani hayana bei. Kama ulikuwa fundi, mlinzi, dereva au mtu wa redio, anza na sifuri na usione haya. Na karatasi ya kuachishwa utumishi, yenye mhuri, uitafute kabla hujavuka mpaka wowote. Bila hiyo wewe ni mtoro, na hakuna chuo kitakachokuokoa na mahakama ya kijeshi.

Sasa habari ya pesa, na hapa mtanivumilia.

Niliuza lupango yangu, kiwanja changu cha Kasapa. Mama alilia, alisema ardhi hairudi. Nikatuma dola elfu sita kwa chuo kimoja Afrika Kusini, sitakitaja. Barua ya viza ikachelewa, ikaja. Nikapanda basi: Kasumbalesa, Zambia yote, Zimbabwe, Beitbridge, hadi Johannesburg, miguu imevimba kama mkate. Nikafika getini na begi langu la kijeshi. Nikaona ndege mbili ndogo za mabawa. Helikopta iko wapi? "Iko kwenye matengenezo." Lini itarudi? "Wiki ijayo." Wiki saba nilisikia wiki ijayo. Nilikuwa nalala kwa ndugu mmoja wa Likasi anayekata nywele mtaa wa Yeoville, nakula mkate na chai, asubuhi narudi getini kusimama. Siku moja yule mama wa mapokezi, kwa huruma, akaniambia ukweli: imemaliza muda wake, na tajiri hana hela ya kuitengeneza.

Hilo la kumaliza muda nililielewa baadaye. Helikopta ndogo ambazo vyuo vingi hutumia ni Robinson R22, za watu wawili. Mtengenezaji ameweka kikomo: masaa 2,200 au miaka 12, kinachotangulia, kisha ifunguliwe yote na kujengwa upya. Ni pesa nyingi sana. Chuo maskini kikifikia hapo huegesha chombo na kuendelea kupokea avansi, malipo ya mapema, za wanafunzi. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza chuo liwe hili: helikopta yenu imebakiza masaa mangapi, na mnazo ngapi? Asiyekujibu, muage. La pili: naweza kulipa kadiri ninavyoruka? Ruka masaa kumi, lipa kumi. Ruka tena, lipa tena. Nakurudia, lipa kadiri unavyoruka.

Nilirudi Lubumbashi kwa nauli ya kuchangiwa. Miaka sita iliyofuata naipita haraka, haina utamu: ulinzi kwenye mgodi upande wa Fungurume, zamu za usiku, na kaka yangu mkubwa wa Kolwezi aliyenikopesha akisema anakopesha wazimu. Mungu ambariki, hajanidai hata mara moja mbele ya watu.

Safari ya pili nilikwenda na akili. Kabla ya kulipa chochote nilianza na daktari wa anga, na hapa askari wasikilize. Kwa leseni ya kulipwa unahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Macho, moyo, mkojo, rangi, na masikio. Ukifyatua bunduki miaka mingi kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo huumia zaidi, kwa sababu ndilo linalotazama mdomo wa bunduki. La kulia limefichwa na kichwa chako mwenyewe. Mimi sikujua. Nilikaa kwenye kile kibanda na vipokea sauti masikioni, daktari akawa anabonyeza, mimi nangoja, kimya. Nikafikiri mashine imeharibika. Kumbe ndege mdogo analia kwenye sikio langu la kushoto na mimi simsikii. Nilipita kwa ukingo. Rafiki yangu wa kikosi hakupita, na alikuwa ameshalipa ada. Sikio kwanza, ada baadaye.

Kiingereza nacho. Rubani wa safari za kimataifa lazima apimwe, ngazi ya 4 kati ya 6 ndiyo ya chini kabisa, na ukipata ya 4 unapimwa tena baada ya miaka mitatu. Mimi mtu wa redio wa miaka tisa, mwenye Kifaransa cha kupiga mluzi, siku ya kwanza nilibonyeza kitufe nikasahau hata jina langu. Mnara ukaniambia nirudie. Nikarudia kimya. Jambo moja tu lilinifariji: kwenye redio za anga namba tatu ya Kiingereza hutamkwa rasmi "tri", vile vile tunavyoitamka sisi Wakongo tangu shule ya msingi na kuchekwa. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba kosa letu liko kwenye vitabu vya dunia.

Mwalimu wangu alikuwa na miaka 24. Mimi 36, sajini mstaafu, mvi mbili. Aliniita kwa jina bila heshima yoyote na kunipiga kofi la mkono kila nilipokaza fimbo. Kwenye helikopta rubani mkuu hukaa kulia. Mkono wa kulia unashika fimbo ya katikati, inayoamua mapanga yalalie upande gani; wa kushoto una wenzo wa kupanda na kushuka; miguu iko kwenye pedali za mkia. Ukigusa kimoja, vingine viwili vinadai haki yao. Kuelea palepale mita moja juu ya ardhi kulinichukua masaa tisa. Tisa! Kila saa karibu dola 300. Nilikuwa nayumba juu ya nyasi kama mlevi wa pombe ya Katuba, na yule kijana anacheka.

Kisha akanifundisha kitu ambacho mwili wa askari haukitaki. Mapanga yakipungua mzunguko honi ya onyo hulia, na kwenye R22 una sekunde moja na kidogo. Ardhi inakuja, na kila msuli unakuambia vuta ule wenzo juu. Ukivuta juu, umekufa. Mkono wa kushoto lazima ushuke. Ushushe, na uongeze moto wa injini, ndipo mapanga yapate tena pumzi. Nililifanya zoezi hilo hadi nikawa naota usiku, mkono unashuka kitandani, ndugu wa Likasi ananiamsha.

Mtihani wa kwanza nikaanguka. Bado unauma, ndiyo maana sikuwahi kuuandika.

Mtahini alikuwa mzee mrefu, mweupe, mwenye sauti ya kanali. Tuliruka vizuri zaidi ya nusu saa. Kisha akaninyooshea kidole uwazi mdogo katikati ya mikaratusi. "Tua pale." Nikatazama. Upepo unatoka nyuma yetu. Yeye ana mwili, mimi nina mwili, mafuta bado mengi, na R22 yote na watu wake haitakiwi kuzidi kama kilo 620. Nchi ile iko juu zaidi ya mita 1,500, hewa nyembamba. Nilijua kwamba hatutapata nguvu ya kuelea mle ndani. Nawaapia nilijua. Lakini sauti ile ilinikuta mahali ambapo jeshi lilikaa miaka tisa. Nikajibu ndiyo, nikaanza kushuka.

Akachukua usukani mwenyewe. Hakuongea hadi tulipozima injini. Kisha akasema: "Nilikuwa nangoja ukatae."

Nilikaa nyuma ya hanga nikalia, mtu mzima. Nilikasirika: amenitega, ananionea, mimi Mkongo. Nilimchukia mwezi mzima. Kilichonifungua macho ni kumbukumbu ya Kamina, marubani wawili wakibishana kwenye redio yangu, mmoja anasema mzigo umezidi, mwingine anasema mkubwa ameamuru. Waliruka. Walifika salama, na sote tulipiga makofi. Hatukujua tunapigia makofi kitu gani.

Mtihani wa pili nilikataa mara mbili. Mara ya pili hata pasipohitajika, mzee akatabasamu. Nikapita.

Msidhani kazi ilikuwa inanisubiri na maua kwenye uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi. Leseni ya nje lazima ithibitishwe na AAC, mamlaka yetu ya usafiri wa anga ya Kongo, na waajiri niliowafuata walitaka masaa elfu moja, mimi nina 168. Miezi kumi na minne nilisukuma madumu ya mafuta na kufuta vioo kwa kampuni moja ndogo kabla hawajanipa kiti.

Oktoba iliyopita ndipo nilipojiona rubani. Mnajua Oktoba ya Lubumbashi, kabla ya mvua, nyuzi 33 saa nane mchana. Uwanja wa Luano uko mita 1,300 na kidogo juu ya bahari, lakini kwa joto hilo hewa inakuwa nyembamba, na chombo kinajihisi kiko zaidi ya mita 2,200. Tulikuwa na helikopta ya R44, viti vinne. Mkubwa mmoja wa mteja, na wenzake wawili wa miili ya heshima, na mabegi, wanataka kuondoka kwenye uwanja wa mpira wenye miti pande tatu. Nikapiga hesabu kwenye karatasi. Nikapiga tena. Nikamwambia, mkubwa, tutakwenda mara mbili, au tungoje jua lishuke.

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe si ulikuwa askari? Unaogopa nini?"

Mbele ya watu. Wapiga mpira wamezunguka, watoto wamekaa juu ya ukuta. Masikio yakawaka moto, hata lile la kushoto. Nikasema hapana, mkubwa. Tukaenda mara mbili. Hadi leo hanisalimii, na bosi wangu hakunisemesha wiki nzima. Sijutii. Vijana wangu, mnaotoka kambini na vifua mbele, mnadhani ujasiri mliotoka nao ndio utakaowabeba huko juu. Huo uacheni getini pamoja na kofia. Jifunzeni kumkatalia mtu mwenye sauti nene. Anzeni nyumbani, mkatalieni shemeji anayetaka mkopo. Anzeni na chuo kinachotaka elfu nane kwa mkupuo.

Yule kijana ameniandikia tena jana usiku. Anasema chuo kimemshushia, sasa ni elfu saba, mwisho Ijumaa. Anauliza pia kama uzito ni tatizo, yeye ana kilo 104 na viatu. Kiti cha R22 kina kikomo cha kilo 109, mdogo wangu, lakini mwalimu naye ana mwili na mafuta yana uzito, na Johannesburg iko juu, hewa nyembamba. Punguza bukari ya usiku. Ijumaa ipite. Na kabla ya neno lolote lingine kuhusu pesa, nenda kwa daktari, nitumie karatasi ya sikio lako la kushoto.