Tunalala sebuleni kwa dada, shule inadai mkataba wa nyumba: nifanyeje?

SWALI: Tupo Marekani. Kodi ilitushinda tukatolewa apatimenti, sasa mi na wanangu wawili tunalala sebuleni kwa dada angu, wilaya nyingine ya shule. Shule ya huku inataka mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina langu, ya zamani nao wanasema tushahama. Watoto wamekaa tu nyumbani. Nina haki gani?

JIBU: Pole sana dada. Shule zote mbili zimekosea. Kuna sheria ya nchi nzima inaitwa McKinney-Vento, ipo toka 1987, na watu wengi wanadhani ni ya wanaolala nje au kwenye shelta tu, kumbe inamhusu hata aliyebanana kwa ndugu kwa sababu amepoteza nyumba au hela hakuna, na wa moteli, na wanaolala kwenye gari. Nyie mmo kabisa.

Kwa hiyo unachagua. Ukitaka wabaki shule yao ya zamani, wanabaki muda wote mtakaokuwa hamna makazi, na mkipata nyumba katikati ya mwaka wanamalizia huo mwaka palepale. Usafiri nao ukiuomba lazima upatikane, wilaya mbili zisipoelewana nani alipe zinagawana gharama nusu kwa nusu, hilo sio tatizo lako. Mi ningekushauri uanzie hapo, mtoto aliyepoteza kitanda chake asipoteze na mwalimu na marafiki kwa wakati mmoja. Ukiona mbali sana basi shule ya huku inatakiwa iwapokee mara moja, hata kama huna mkataba, cheti cha kuzaliwa, rekodi za chanjo wala ripoti za shule, hizo zitafuatiliwa wakiwa tayari darasani. Chakula cha shule ni bure, hamna kujaza fomu ya kipato.

Sasa usibishane na wa mapokezi, mara nyingi hajui. Kila wilaya ina afisa wa wanafunzi wasio na makazi, omba jina lake na imeili yake, umwandikie kifupi tu: "Tumepoteza nyumba, tunaishi kwa ndugu, naomba wanangu waingie shule chini ya McKinney-Vento." Kiingereza kikikusumbua dai mkalimani, ni bure. Wakikataa wakupe sababu kwa maandishi na namna ya kukata rufaa, na mpaka rufaa iishe watoto wanasoma kwenye shule unayoitaka wewe.

Kama unaogopa kusema mnapoishi ili dada yako asije akapata matatizo, hizo taarifa zinalindwa kama rekodi nyingine za mwanafunzi, shule hairuhusiwi kumpigia mwenye nyumba wake ikamwambia. Na kama mna wasiwasi wa makaratasi ya uhamiaji, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua toka 1982 kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu hiyo. Andika hiyo imeili leo leo, na nakala ubaki nayo.