Pikipiki ni sawa na gari ngapi? Na maswali mengine ya foleni

Maswali yamejaa kutoka kwenu mnaotengeneza modeli za foleni, yaani kuiga barabara kwa hesabu na kompyuta, na kama kawaida nusu yake ni lile lile.

Pikipiki moja ni sawa na gari ngapi? Naomba namba moja tu niweke kwenye modeli.

Hakuna namba moja, nishachoka kusema. Wanaoweka 0.5 kila mahali wamenakili jedwali la mtu ambaye naye kanakili. Kuna njia ya mtafiti Chandra, inatumika sana India: kasi ya gari dogo gawa kwa kasi ya chombo chako, kisha zidisha kwa eneo la chombo gawa kwa eneo la gari. Sasa piga hesabu. Gari la mita 4 kwa 1.6 linakalia mita za mraba 6.4, pikipiki ya mita 2 kwa 0.7 inakalia 1.4, zikienda kasi sawa unapata kama 0.22. Foleni ikikaza, gari linatambaa kilomita 15 kwa saa na pikipiki inapenya kwa 25, inashuka hadi 0.13. Pikipiki ileile, barabara ileile! Na lori la mita 7.5 kwa 2.4 linalopanda mlima kwa nusu ya kasi ya gari linafika 5.6, halafu mtu ananiambia lori ni 3, basi. Kapime kasi kwanza ndo uniandikie.

Simulesheni yangu haifanani kabisa na barabara yenyewe. Programu mbovu?

Umeacha vigezo vya defolti, vile programu inavyokuja navyo, si ndiyo? Modeli ya Wiedemann ya mwaka 1974, ambayo programu ya kuiga foleni ya VISSIM imejengwa juu yake, ni ya dereva anayemfuata mwenzake ndani ya leni. Kwako nani anamfuata nani? Bajaji mbele yake kuna nusu ya basi na nusu ya lori, pikipiki haimfuati mtu, inatafuta upenyo. SUMO, programu nyingine ya aina hiyo, inaweza kugawa leni vipande vyembamba ili vyombo viende ubavu kwa ubavu, ila lazima uiwashe mwenyewe. Na ukishawasha pima nafasi ya pembeni, maana watu wanakazania umbali wa mbele tu. Halafu usifurahie modeli kwa vile idadi ya magari imelingana, angalia na kasi na urefu wa foleni.

Msongamano nihesabu magari kwa kilomita?

Vyombo 100 kwa kilomita kwenye leni moja, vikiwa pikipiki unapepea, vikiwa malori hakuna anayesogea. Tumia eneo: jumla ya eneo la vyombo vyote gawa kwa eneo la kipande cha barabara. Upana wote, sahau leni.

Sela za mita 7.5, vile vipande tunavyokatia barabara kwenye modeli, zinafaa?

Hizo ni za modeli ya Nagel na Schreckenberg, 1992, kwa magari, gari moja sela moja. Pikipiki itameza sela nzima. Kata ndogo, urefu na upana.

Tukiongeza leni moja foleni si itaisha?

Hapana.

Tuna vihisi chini ya lami kila leni, vinatosha kuhesabu?

Havitoshi. Pikipiki inapita katikati ya viwili haionekani, basi lililokanyaga mstari linahesabiwa mara mbili. Weka kamera juu, na uhesabu mikokoteni na waenda kwa miguu pia. Modeli nyingi nazoletewa zimewafuta kabisa, wakati mtu mmoja akivuka mkondo wote unapunguza, kisha modeli hiyohiyo inapelekwa mezani kama ushahidi kwamba kivuko hakihitajiki. Data isiyo na waenda kwa miguu msinitumie tena, sitaijibu.