Uliza Tukujibu: Kupiga Picha Mji na Mnara Ukiwa Matembezini

SWALI: Kikundi chetu cha matembezi huvuka hadi Kitunda, tukatembea ufukweni huku tukiutazama mji wa Lindi ng'ambo. Kwa macho unapendeza, lakini kwenye simu unatoka kama uzi mwembamba na anga jeupe. Ninunue kamera? *Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Subiri kwanza. Lenzi kuu ya simu nyingi huchukua eneo pana mno, sawa na lenzi ya kamera ya milimita 24 hadi 26 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi). Ukisimama kilomita 2 kutoka kwenye jengo la mita 30, jengo hilo litapata kama 1/60 tu ya kimo cha picha. Kwa lenzi ya milimita 200 lingepata 1/8. Ikiwa simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mara 3 au 5, itumie hiyo. Kama haina, kuvuta kwa vidole ni kukata kipande cha katikati na kukikuza, na ndipo picha inapochujuka. Heri uache mji uwe mdogo, uweke kitu cha maana mbele: ngalawa iliyopwelewa, au mizizi ya mikoko. Piga goti, simu iwe chini, mji ukae theluthi ya juu.

Anga jeupe ni suala la saa. Kitunda iko kusini-mashariki mwa mji, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa nyuma yako na kuta za Lindi zinapata mwanga usoni. Piga kati ya macheo na saa 2 na nusu. Kuanzia saa 4 hewa juu ya maji na mchanga wa moto huanza kucheza, kingo za majengo zikayeyuka, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Siku inayofuata mvua ndiyo bora, kwa kuwa vumbi na moshi vimeoshwa.

Jioni mambo hugeuka: mji unabaki kivuli, anga linawaka. Bonyeza penye anga, ushikilie kidole mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga, kisha shusha mwanga. Ukitaka jua litue karibu na mji, nenda Juni, linapotua nyuzi 24 hivi kaskazini mwa magharibi. Desemba linahamia kushoto kwa kiasi kama hicho, mbali na majengo.

Tazama na maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, bahari hujaa mnamo saa 10 alfajiri na jioni, ikapwa mnamo saa 4. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua maji yanakukimbia, unabaki na tope mbele. Siku za maji mafu bahari haipwi sana, na upepo ukiwa umetulia utapata taswira ya mji majini. Sisi tungechagua hizo.

SWALI: Mnara wa Boma la Mikindani kila nikiupiga unalalia nyuma, na ukuta mweupe unatoka wa kijivu. *Msomaji, Mikindani*

JIBU: Unalala kwa sababu umeinamisha simu kuelekea juu. Rudi nyuma angalau mara mbili ya kimo cha mnara, washa mistari ya gridi, simu isimame wima kabisa, halafu ukate sehemu ya chini baadaye. Kunyoosha kwa programu kunawezekana, ila hula pembe za picha, basi acha nafasi pembeni. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya Boma, lenzi inakaribia usawa wa mnara na tatizo linaisha lenyewe.

Kuhusu rangi: kipimo cha kamera hudhani kila kitu kina mwanga wa wastani, hivyo ukuta mweupe ukijaza fremu kinaupunguza. Ongeza mwanga kwa kipimo cha kati ya +0.7 na +1. Lakini ukuta ukiwa mdogo katikati ya miti yenye kivuli kizito, kosa linageuka: unaungua kwa mwanga kuzidi. Hapo punguza. Boma hilo, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, limekarabatiwa likawa hoteli; omba ruhusa kabla ya kuingia uani.

SWALI: Nina kamera na stendi. Taa za mji usiku zinatoka na ukungu. *Msomaji, Kitunda*

JIBU: Usingoje usiku wa giza. Huku kwetu mwanga wa buluu hudumu kama dakika 20 tu baada ya jua kuzama, kwa hiyo stendi iwe tayari mapema, miguu yake imezamishwa mchangani hadi igome. Anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu pana), sekunde 4. Zima kizuia-mtikisiko cha lenzi, kwani juu ya stendi mara nyingine chenyewe ndicho kinachotikisa, na weka kuchelewa kwa sekunde 2 ili kidole chako kisiiguse kamera wakati wa kupiga. Mashua za karibu zitafifia kwa kuyumba. Ukizitaka kali, panda ISO 1600 na f/4, muda utashuka hadi 1/15. Ukungu ukibaki, angalia kioo cha lenzi: ni chumvi. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, usitumie shati, kwa maana chembe za mchanga hukwaruza.