Godoro la sufi: maji kidogo, hewa nyingi

Magodoro ya povu yameenea, lakini maswali ya sufi (nyuzi laini za ndani ya maganda ya msufi) hayaishi, hasa mvua zikikaribia. Safari hii tumejibu haya, na moja limetoka mbali kidogo.

Mtoto amekojolea godoro la sufi. Je, naweza kulilowesha lote na kulifua? (Tanga)

Usithubutu. Uzi wa sufi ni mwembamba, una tundu ndani na juu umepakwa nta ya asili. Nta hiyo ndiyo inayozuia maji, na ndiyo sababu zamani sufi ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Sabuni huyapa maji njia ya kuipita nta. Ukishalilowesha godoro zima, nyuzi zinagandana mabonge, na katikati hapakauki hata ukilianika siku tatu. Juu utaona pakavu, ndani kunavunda.

Fanya hivi, na ufanye mapema. Toa shuka, weka taulo kavu juu ya doa na ukandamize kwa goti. Badilisha upande wa taulo mpaka lisichukue unyevu tena. Usisugue, maana kusugua kunausukuma mkojo chini. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na viwili vya maji baridi, chovya kitambaa, kikamue sana, kisha gongagonga doa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Pakiwa bado na unyevunyevu, nyunyiza vijiko vitatu vya bikaboneti ya soda (si hamira, wapo wanaochanganya) na uache usiku mzima. Asubuhi piga brashi, halafu simamisha godoro ubavu juani.

Harufu ikirudi baada ya siku mbili, mkojo umefika ndani. Hapo fumua mshono ulio karibu na doa, kiasi cha shubiri moja, ingiza mkono utoe lile bonge lenye unyevu. Lichambue, likaushe peke yake kwenye ungo, kisha lirudishe. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini watu huiogopa kuliko inavyostahili. Doa la damu nalo ni maji baridi tu. Maji moto yanaligandisha.

Godoro letu la futi 4 kwa 6 limebonyea katikati na lina mabonge. Lichambuliwe au linunuliwe jipya? (Mombasa)

Jaribu kwanza. Fumua kidogo, toa konzi ya sufi, ifinye kwa nguvu kisha uiachie. Ikiinuka na kujaa tena kiganjani, bado ni hai. Ikibaki imelala, au ikikuachia vumbi la manjano mkononi, nyuzi zimekatikakatika. Sufi ni nyuzi kavu na tete, na ikishakuwa unga hakuna jua litakaloirudisha.

Ikiwa hai, chagua siku kavu isiyo na upepo. Miezi ya kaskazi inafaa, ila asubuhi kabla upepo haujaamka. Sufi ikipata upepo, nyumba tatu za jirani zitajua unachambua. Njia nzuri ni kutundika chandarua cha zamani uani, kutandika jamvi chini yake na kufanyia kazi humo ndani. Vaa barakoa na ufunge kitambaa kichwani, kwa kuwa vumbi lake linachoma koo na macho. Mwenye pumu asikae karibu.

Fumua upande mmoja mfupi tu. Toa sufi kidogo kidogo, vunja mabonge kwa vidole, ondoa mbegu na vipande vya maganda. Mbegu zina mafuta na zinaita panya na wadudu; ukizikuta nyingi, jua uliuziwa sufi isiyochambuliwa vizuri. Kisha ipige kwa vijiti viwili vyembamba, taratibu, mpaka ivimbe. Ukiipiga kama unayetwanga, unaivunja mwenyewe.

Wakati sufi inapigwa jua, chemsha foronya ya godoro, ianike mpaka ikauke kabisa, kisha piga pasi mishono yake. Kama imechakaa, shona nyingine ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kitambaa chepesi cha marekani hakifai, kwa sababu ncha za sufi hupenya.

Kujaza ndipo mafundi wengi wa haraka wanapoharibu. Anza na pembe za mbali, zishindilie kwa ngumi, fuata kingo, halafu katikati, na katikati pazidi kwa kuwa ndipo uzito unapokaa. Godoro la ukubwa wenu lenye unene wa inchi 5 huchukua kama kilo 12 hadi 15. Baada ya kutupa vumbi na mbegu, tarajia kuongeza kilo 2 au 3 mpya. Ijaze mpaka inchi 7 hivi, itashuka yenyewe. Shona kwa shazia (sindano kubwa) na uzi wa katani, kisha pitisha nyuzi za kushikiza juu hadi chini kila sentimita 25 au 30. Chini ya kila fundo weka kiduara cha kitambaa kigumu, la sivyo uzi utaichana foronya kwa msimu mmoja. Wanaoruka hatua hii ndio wanaorudi na mabonge baada ya miezi michache.

Naweza kuongeza pamba ili kupunguza gharama?

Unaweza, lakini hatushauri. Pamba inanywa maji na ni nzito zaidi, kwa hiyo inatulia upande mmoja na kuvuta unyevu. Kama huna budi, itandike kama tabaka la chini, usiichanganye na sufi.

Lianikwe kwa muda gani, na mara ngapi?

Saa mbili kila upande, mara moja kwa mwezi. Msimu wa masika, siku yoyote jua likitoka. Liingize ndani mapema kabla ya magharibi, maana umande unarudisha ulichokausha.

Nalala na godoro moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Chini kumeota madoa meusi.

Hiyo ni kuvu. Jasho linashuka, linakutana na saruji baridi, halina pa kutokea. Mkeka peke yake hautoshi. Tafuta chaga za mbao ziinuke walau sentimita 5. Madoa ya juu juu yapige brashi nje, yafute kwa siki, yakaushe juani. Kama foronya imeoza, au sufi yenyewe inanuka kuvu, itupe. Kuipulizia manukato ni kujidanganya.

Kunguni wamejaa, tumeanika wiki nzima hawaishi.

Sufi inazuia joto, kwa hiyo jua halifiki ndani, na kunguni huhamia upande wa kivuli. Habari njema ni kwamba wengi hawakai ndani ya sufi. Wanakaa kwenye mishono, chini ya mafundo na kwenye nyufa za chaga. Fumua, chemsha foronya, anika sufi ikiwa imetandazwa, mwagia chaga maji yanayochemka kwenye kila kiungo. Rudia kukagua baada ya siku kumi, mayai yakishaanguliwa. Mafuta ya taa usiyaguse: sufi inashika moto upesi mno, na cheche ya sigara au dawa ya mbu ya kuchoma inaweza kufukuta ndani kwa saa kadhaa bila mwali kuonekana.

Niko Minnesota, Marekani. Nimenunua futoni (godoro la kukunjwa) iliyojazwa manyoya ya kondoo. Niitunze kama la sufi la nyumbani?

Kukausha na kugeuza, ndiyo. Mengine, hapana. Manyoya hunywa unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila wewe kuuhisi, kwa hiyo unaweza kudhani ni kavu na si kavu. Isimamishe ubavu nusu siku kila wiki mbili. Miezi mitatu ya kwanza igeuze kila wiki, mara juu chini, mara kichwani miguuni, kisha kila mwezi. Itashuka na kuwa ngumu kidogo. Hilo ni la kawaida.

Usiifue kwa mashine wala kuipiga mvuke. Joto, maji na msuguano hufunganisha manyoya yakawa kama blanketi nene lisilochambulika. Jiki inayayeyusha, na sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula protini zinayala, kwa kuwa manyoya ni protini. Doa lifute kwa maji baridi na sabuni laini ya kufulia sufu, yaani nguo za manyoya ya kondoo.

Adui wako ni nondo wa nguo, au hasa viwavi wake, wanaopenda giza na jasho lililokaa. Fyonza vumbi kwenye mishono kila mwezi kwa nguvu ndogo. Ukiona vitundu au vifuko vidogo vya nyuzi, baridi ya huko ni dawa: ifunge ndani ya plastiki na uiweke nje penye nyuzijoto 18 za Selsiasi chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki nzima. Ukiirudisha ndani, usifungue plastiki mpaka ipate joto la chumba, la sivyo umande utatanda juu ya kitambaa na utaanza kukausha upya.