Last Kiss: haya, leo nawajibu wote

Naona wengi mmeamka na Last Kiss, ule wimbo wa kijana aliyechukua gari la baba yake akamtoa mpenzi wake out, mbele wakakuta gari limezima katikati ya barabara, akakwepa, binti akamfia mikononi. Twende.

*Kaka, Pearl Jam waliutunga mwaka gani?*
Hawakuutunga, bendi hiyo ya rock ya Marekani iliurudia tu.

*Basi ni wa J. Frank Wilson?*
Naye kaimba tu jamani. Mwenye wimbo ni Wayne Cochran wa Georgia, Marekani, aliurekodi mwenyewe 1961 na haukwenda popote, akina Wilson na bendi yake ya Cavaliers kule Texas wakauchukua 1964 ukafika namba 2 Billboard, yaani chati ya nyimbo ya Marekani, halafu 1999 Pearl Jam nao namba 2 hiyohiyo, hela wakawapa wakimbizi wa Kosovo. Sifa zote anabeba aliyekuja mwisho. Hata huku kwetu, dogo wa bongofleva akirudia wimbo wa mzee fulani basi wa mzee ndo umekufa, na hakuna anayeona aibu.

*Nimetumiwa WhatsApp kwamba ni kisa cha kweli, ajali ya Georgia Desemba 1962. Kweli?*
Hili nalijibu kila mara. Wimbo 1961, ajali 1962, sasa hapo mnahitaji mganga au kalenda? Cochran alikuwa anakaa jirani na barabara kuu namba 341, magari yalikuwa yanagongana sana pale, wazo likatokea huko. Alipourekodi upya baada ya ile ajali akautoa kwa kumbukumbu ya binti aliyefariki, ndo watu wakachanganya. Mnataka kisa cha kweli? Oktoba 1964, wimbo unapanda chati, Sonley Roush, prodyuza wa ile rekodi ya akina Wilson, akafa kwenye ajali ya gari Ohio wakiwa kwenye ziara, na Wilson alikuwemo humo humo akapona. Hiki hamkisambazi.

*Cochran aliishia wapi?*
Akawa mwimbaji wa muziki wa soul mwenye nywele nyeupe zimesimama kama mlima, baadaye akaokoka akawa mchungaji huko Miami. Alifariki 2017.

*Mwanangu ana miaka 15, anausikiliza usiku kucha, nimzuie?*
Mama, muache. Vijana wa miaka ya 60 walilia na nyimbo za hivi zikiwa kibao, wakakua wakazaa. Wewe ficha funguo za gari. Na nyie wenye magari mabovu, likikuzimikia usiku weka triangle mbali huko nyuma, sio kijitawi kimoja cha mwarobaini hatua mbili kutoka kwenye bampa halafu unakaa pembeni unachat.

*Nitumie audio.*
Nunua.

*Chords?*
G, Em, C, D, zinazunguka hivyo hivyo mpaka mwisho.