Kukuza wakala wa kampeni za hisani: nani ana ruhusa ya kukataa?

Mkuu mleta mada, umesema wakala wenu unaunganisha makampuni na mashirika ya hisani, wateja wanaongezeka, lakini mwanzilishi bado kashika kila kitu na vijana wazuri wanaondoka. Nimeongoza timu kwenye kazi hiihii wakati inapanuka, kwa hiyo naongea niliyoyaona.

Mnaweza kuajiri mpaka viti viishe na shida ikabaki palepale. Kazi yetu ina pande mbili: kampuni inayolipa na shirika linaloazimisha jina lake. Mkiwa wachache, mwanzilishi anakaa kila kikao na kulitetea lile shirika. Mkiwa wengi hayupo, na meneja anayepimwa kwa mapato hawezi kumkatalia mteja wake. Hapo ndipo jina huchafuka.

Sisi tulimpa msimamizi wa mashirika, yaani dada anayetetea upande wa hisani, hadhi sawa na mkuu wa mauzo, na mkataba hautoki bila saini yake. Mteja mmoja akaleta lebo: "Sehemu ya mapato itasaidia watoto." Dada yule akauliza, sehemu ipi? Kimya. Mteja anataka lebo iende kiwandani wiki ileile, mauzo wamenuna, naye hasaini. Mwishowe lebo ikatoka na kiasi kamili kwa kila pakiti na tarehe ya mwisho, na mkataba ukataja kiwango cha chini ambacho shirika litapata hata bidhaa ikidoda. (Kikomo cha juu kikiwepo kiandikwe pia, mnunuzi asidhani anachangia kumbe kilishafikiwa zamani.)

Si jambo jipya. Mwaka 1983 American Express, kampuni ya kadi za malipo, waliahidi senti 1 kila kadi inapotumika na dola 1 kwa kila kadi mpya, kukarabati Sanamu ya Uhuru kule Marekani. Zilipatikana takriban dola milioni 1.7, na mwenye kadi aliweza kupiga hesabu ya mchango wake kichwani.

Ila hesabu safi peke yake haitoshi. Mwaka 2010 KFC waliuza kuku kwenye ndoo za pinki, senti 50 kwa kila ndoo zikienda Susan G. Komen, shirika la kupambana na saratani ya matiti. Kiasi kilitajwa, lakini lawama zikaja tu: kuku wa kukaanga na afya wapi na wapi? Ndiyo maana huyo msimamizi awe na ruhusa ya kukataa ndoa yenyewe ya kampuni na shirika, siyo kusahihisha maneno tu.

Kuhusu pesa nitasema machache. Kampeni za msimu zinawaacha mkavu miezi mingi, tafuteni wateja wa ada ya kila mwezi. Na msikubali kulipwa asilimia ya michango, hata mkibembelezwa. Ada itoke kwa kampuni, iwe kiasi maalumu.

Bosi wako usimwambie aachie yote, atagoma. Mwombe abaki na wateja wawili watatu wakubwa, wateja wengine wawe na mameneja wao wenye mamlaka ya kusaini. Vijana hawakimbii kazi nyingi, wanakimbia kuitwa mameneja huku kila barua pepe inasubiri jicho lake. Akirudia "nileteeni kwanza niangalie", mpelekee nakala ya mkataba uliokwisha kusainiwa.